Wajumbe Wote Walikubali

Bahasha ilifika kiwandani saa nne asubuhi, cherehani zote kumi na mbili zikiwa zinanguruma. Aliyeipokea mlangoni aliitupa juu ya rundo la kola kama mtu anayetupa ganda la ndizi.

"Barua yako, dada mheshimiwa!" alisema fundi wa mifuko, ambaye siku haikumwishia bila kumchokoza mtu. "Siku hizi hatukuwezi. Serikali yenyewe inakuandikia."

"Si serikali," alisema Kola. "Ni Mfuko."

"Mfuko? Basi wamekosea meza. Mambo ya mifuko ni huku kwangu!"

Meza nzima ikacheka. Kola naye akatabasamu, maana utani wa yule bwana haukuwa na miiba. Jina lake la kitambulisho lilikuwepo, lakini mle ndani hakuna aliyelitumia. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akishona kitu kimoja tu, kola za mashati ya sare za shule, na alizishona kwa namna yake mwenyewe: mshono aliukunja kwa ndani, akaulaza kwa kidole gumba mpaka usisikike shingoni. Wazazi walikuja dukani wakiuliza yale mashati "yasiyochoma." Hawakujua ni nani anayeyashona, ila watoto wao walijua tofauti.

Ngurumo ya cherehani haikumsumbua. Aliizoea kama mtu anavyozoea mvua ya masika, inayoanza asubuhi na kuendelea. Kilichomuumiza ni sauti ya ghafla. Mkasi ukianguka sakafuni, mwili wake wote ulikauka kama nguo iliyosahauliwa juani. Mkataji mzee, anayekaa meza ya mwisho, aliligundua hilo mwaka wa kwanza. Siku moja alikuja na mkeka mkuukuu kutoka kwao, akautandika chini ya meza yake ya kukatia, na tangu hapo mikasi ikianguka haikusikika. Hakumwambia mtu kwa nini. Walipomuuliza alisema miguu yake inaona baridi.

Kola alifungua bahasha kwa ncha ya mkasi mdogo. Ulikuwa muhtasari wa kikao kilichopita. Akasoma taratibu, mstari kwa mstari, mpaka alipofika jambo la nne.

"Ombi la utafiti wa kuwazoesha watoto wenye usonji sauti za ghafla. Hakukuwa na pingamizi. Wajumbe wote walikubali."

Chini yake yalipangwa majina ya wajumbe wote, na la sita lilikuwa lake.

Akaisoma tena ile sentensi, kisha mara ya tatu, kana kwamba ikisomwa sana itachoka na kubadilika. Haikubadilika. Wote walikubali. Na yeye ni mmoja wa wote. Na yeye hakukubali.

Hapa inafaa nieleze Mfuko huo ni wa nini. Ulikuwa unatoa fedha za kuchunguza usonji, hali ambayo Kola aliambiwa anayo tangu alipokuwa na miaka mitano. Miaka nenda miaka rudi, waliokaa kuamua nini kichunguzwe walikuwa madaktari, walimu na wazazi, watu wema wengi wao. Wenye usonji wenyewe walikuwa ndio wanaochunguzwa. Ikachukua barua nyingi na kuomba kwingi hadi, mwaka uliopita, viti viwili kati ya tisa vikatengwa kwa ajili yao, nao waseme fedha ziende wapi. Kimoja alipewa kijana mchora mabango. Alihudhuria kikao kimoja, akaandika kwamba taa za chumba kile zinampasua kichwa, akajiuzulu. Kiti chake kilikuwa bado kitupu. Akabaki Kola peke yake.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa haki aliyependa vikao viishe kwa wakati. Alikuwa na desturi yake aliyotoka nayo shuleni, huko ambako walimu wakipewa nafasi ya kuongea jua linazama. Kila jambo lilipofika mwisho aliuliza, "Kuna mwenye pingamizi?" Kisha alihesabu, "Moja. Mbili. Tatu," akagonga meza kwa kifundo cha kidole. Ko! Limepita. Aliyenyamaza amekubali.

Katika kikao kile Kola alikuwa amekwama tena kwenye ukurasa wa sita wa ombi wakati swali lilipoulizwa. Ukurasa ulisema hivi: chumba kisicho na dirisha; sauti zitolewe bila taarifa; mtoto asiwe na viziba masikio wala kitu chake cha kujifariji; mzazi akae nyuma ya kioo na asiingie; kila siku jaribio liishe mtoto anaponyamaza, maana akinyamaza amezoea.

Alikijua chumba hicho.

Kola alipoogopa, maneno hayakumkwama kooni kama wanavyosimulia watu. Yalikuwa yanaondoka kabisa, kama maji ya bomba yanapokatwa mtaa mzima: unafungua, unasikia hewa tu. Alifungua mdomo. Hewa. "Moja. Mbili. Tatu." Ko!

Sasa alikuwa ameketi mbele ya cherehani iliyozimwa, barua mapajani.

Wakati wa mapumziko ya mchana alitoka hadi uchochoro wa nyuma, akaandika kwenye karatasi yale anayotaka kusema, kisha akampigia simu Katibu wa Mfuko na kumsomea. Katibu alikuwa msichana wa sauti ya chini, ambaye kila mara alimtumia Kola karatasi za kikao siku tatu kabla ya wenzake bila kuombwa.

"Dada, pole," alisema Katibu. "Huo muhtasari bado haujathibitishwa. Jumatano ya wiki ijayo Mwenyekiti atauliza kama kuna marekebisho. Hapo ndipo pa kusema. Ukishathibitishwa tu, fedha zinatoka, na watoto arobaini wanaanza wiki inayofuata."

Kola akatafuta kwenye karatasi yake. Jibu la hilo hakuwa ameliandika. Akasubiri maneno yaje, na Katibu naye akasubiri, hakumharakisha.

"Barua," alisema Kola hatimaye. "Nikiandika barua?"

"Barua haihesabiki, dada. Kanuni zinataka mjumbe aseme mwenyewe, mle ndani." Akashusha sauti zaidi. "Na nikwambie kama mdogo wako. Kuna mjumbe ameanza kuuliza. Anasema kama mtu hawezi kusema kikaoni, kiti anakikalia cha nini? Ukisema hukukubali, watakuuliza mbona ulinyamaza. Jiandae."

Simu ilipokatika Kola alibaki ameegemea ukuta. Akawa kama aliyepewa kaa la moto mikononi: akilishika linamuunguza, akilitupa litachoma nyumba. Akinyamaza tena, watoto arobaini wataingia kile chumba. Akieleza kwamba hofu ilimnyang'anya sauti, watasema, mnaona? Watu hawa hawawezi kazi hii. Kiti kitaondoka, na kikiondoka leo nani atakirudisha?

Siku nane zilizobaki kabla ya Jumatano hiyo alizishona vibaya. Siku ya Ijumaa fundi wa mifuko aliinua shati moja juu, watu wote walione.

"Jamani, Kola! Shati hili la mtoto gani, anayetembea kichwa chini miguu juu?"

Kola alikuwa ameishona kola ikiangalia chini. Mafundi wakacheka, kisha wakaona hacheki, wala hainui uso. Fundi wa mifuko akalishusha shati polepole. Baadaye kidogo akapita na kikombe cha chai, akakiweka mbali na kitambaa, akasema, "Imepoa kidogo, ndivyo unavyoipenda," akaenda zake. Na lile shati, pamoja na mengine sita, Mkataji alikuwa ameshayachukua kimyakimya, anafumua nyuzi moja moja.

Kola aliishi na shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa mtoto wa mgongoni. Shangazi hakuwa na siri na ile kamati. Muuza mboga alijua, fundi viatu alijua, hata wapangaji waliohamia juzi walishaambiwa, "Mwanangu yuko kamati." Jumapili alasiri, Shangazi akimenya viazi kwenye beseni, Kola alimwekea ukurasa wa sita mbele yake.

Shangazi akafuta mikono, akavaa miwani, akasoma kwa kufuatisha kidole. Alipofika katikati uso wake ukafunguka.

"He! Mbona hiki ni kama kile chumba chetu? Kilekile kilichokuponya!"

"Hakikuniponya, Shangazi."

"Wewe nawe! Ulikuwa na miaka sita, utakumbuka nini? Mlango ukibamizwa unalia mpaka majirani wanakuja. Tukaenda pale siku nne. Wakakubandika namba kifuani, kumi na moja. Siku ya nne wakagonga vyuma, wakapiga kengele, wakaleta na mlio wa mbwa kwenye kinasa sauti, nawe kimya, umetulia tuli kama maji ya mtungini. Nilikuwa nyuma ya kioo, nilikuona kwa macho yangu. Mlango ulipofunguliwa nilipiga makofi mpaka mikono ikaniwasha."

"Niliyasikia makofi," alisema Kola.

"Unaona!"

"Yalikuwa kelele nyingine tu."

Shangazi akamwangalia. Kidole kilikuwa bado kwenye ukurasa.

Kola akaendelea, akiangalia beseni, maana ilikuwa rahisi kuliambia beseni. "Siku tatu nililia ili uje. Siku ya nne nikajua huji. Nikaondoka. Si kwa miguu. Nikaenda ndani, mahali ambapo hakuna kitu kinachofika. Waliandika nimezoea."

"Mwaka ule wote hukusema neno," alisema Shangazi polepole. "Wageni walikuwa wanakusifu. Mtoto mtulivu."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikuwa na maneno."

"Na yaliporudi?"

Kola alifikiri sana, kwa kuwa swali lilikuwa la haki na lilistahili jibu la kweli. "Yaliporudi, ulikuwa unafurahi."

Shangazi aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango kwa utaratibu, akiuzuia kwa mkono usitoe sauti, kama alivyokuwa akiufunga kwa miaka ishirini na minane. Kola aliogopa. Alihesabu viazi vilivyobaki, akavihesabu tena. Shangazi alipotoka, uso wake ulikuwa umeoshwa na macho ni mekundu. Akachukua kisu, akaendelea kumenya.

"Hiyo Jumatano," alisema, "ni saa ngapi?"

Jumatano walikwenda kwa miguu, wakipita mitaa ya nyuma isiyo na magari mengi. Shangazi alibaki kwenye benchi la ukumbini, mkoba mapajani, kama mtu aliyempeleka mgonjwa kwa daktari. Kola akaingia.

Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu: meza ndefu yenye mikwaruzo, jagi la maji, saa ya ukutani, na taa za mirija ambazo moja, ile juu ya kiti chake, ilikuwa ikivuma kama nzi aliyenaswa. Mama Malkia alikuwa amemwekea nafasi mbali na mlango, na chini ya mlango amekunja gazeti akalisokomeza ili usibamize. Alifanya hivyo kila kikao. Yeye alikaa pale kama mzazi. Binti yake wa miaka sita alikuwa na usonji, na walimwita Malkia kwa sababu hakubali kuvalishwa viatu na mtu asiyepiga magoti.

"Leo ndiyo leo, dada," alimnong'oneza Kola. "Malkia yupo kwenye orodha. Wa tatu! Sijalala kwa furaha."

Kola akamtazama.

"Huwezi kujua ninavyoishi," aliendelea Mama Malkia, na furaha ikamtoka usoni mara moja. "Juzi pikipiki ilipita inapiga milio. Akaniponyoka, akajitupa barabarani, katikati kabisa. Gari lilifunga breki hapo, hapo, niliona hadi vumbi la kwenye taa zake. Nimechoka kuogopa, dada. Daktari akinizoeshea yule mtoto, nitamshukuru mpaka naingia kaburini."

Kola alitaka kumwambia. Akafungua bomba. Hewa.

Mwenyekiti akaingia, akasalimia, akafungua kikao dakika ileile iliyoandikwa. Daktari mwenye lile ombi alikaribishwa akae pembeni ajibu maswali yakiwapo. Alikuwa kijana, nadhifu, mwenye sura ya mtu asiyependa kumkosea yeyote. Katibu akasoma muhtasari kuanzia juu hadi chini. Alipofika jambo la nne alipunguza mwendo, akamtupia Kola jicho, kisha akamalizia.

"Ahsante, Katibu," alisema Mwenyekiti. "Kuna mwenye marekebisho?"

Kola alikuwa na karatasi mkononi. Aliandika neno moja tu, kubwa: SIKUKUBALI. Shangazi alimsikiliza akilisema jikoni mara hamsini. Sasa ulimi ulikuwa kama kitambaa kilichojazwa kinywani. Taa ilivuma. Alisikia viatu vya mtu chini ya meza, maji yakitulia kwenye jagi, na nyuma ya vyote hivyo, mbali, kengele za kile chumba.

"Moja," alisema Mwenyekiti.

Inuka, alijiambia. Miguu haikutaka.

"Mbili."

Hakukumbuka baadaye namna alivyosimama. Wanasema kiti chake kilianguka, naye ambaye mkasi ulimkausha hakugeuka hata kukitazama. Alipita nyuma ya viti vitatu. Mwenyekiti alikuwa ameshainua kidole, macho yake kwenye karatasi.

"Tatu."

Kola aliweka kiganja chake juu ya meza, palepale panapogongwa. Kifundo cha Mwenyekiti kikashuka juu ya mkono wa mtu. Hakukutoka "ko." Kulitoka sauti ndogo ya nyama na mfupa, kisha hakuna kitu.

"Ah! Mwanangu, nimekuumiza?" alisema Mwenyekiti, akaurudisha mkono wake kifuani.

Kola akatikisa kichwa. Hakuondoa kiganja.

"Mwenyekiti, hizi si taratibu," alisema Mjumbe wa Sheria, mwanasheria asiyevua tai hata kwenye joto. "Kama ana la kusema, aseme. Hapa si uwanja wa watoto."

"Naomba mwongozo," alisema Katibu, kalamu juu. "Niandike nini? Meza haijagongwa."

"Andika hivyohivyo. Haijagongwa."

"Lakini hajasema!" Mjumbe wa Sheria aliweka miwani chini. "Hili ndilo nililokuwa nalieleza, si kwa ubaya. Mtu asiyeweza kusema atatuongozaje fedha ziende wapi?"

Ndilo lile neno. Kola alilisikia likitua mezani, akahisi kiti kinateleza kutoka kwake, na cha mchora mabango, na cha yeyote atakayekuja baada yao.

Mwenyekiti alikuwa akiutazama ule mkono. "Nimefundisha miaka thelathini na minne," alisema. "Mtoto akinyoosha mkono, nilimpa nafasi. Huyu ameniletea mkono hadi mezani. Katibu, mpe karatasi."

Kola akaandika akiwa amesimama, mkono wa kushoto bado umelaza kiganja mezani, asije mtu akagonga. Aliandika polepole. Dakika zikapita, tano, nane. Mtu alikohoa. Ndipo Daktari akainuka, na Kola akajikunja akidhani anakuja kumzuia. Daktari akaenda ukutani, akazima swichi ya ile taa inayovuma, akarudi kuketi.

Mwenyekiti alisoma kwa sauti:

"Sikukubali katika kikao kile. Nikiogopa sana siwezi kusema. Chumba cha ukurasa wa sita nilikuwamo. Nilikuwa na miaka sita, namba kumi na moja. Siku ya nne nilinyamaza, wakaandika nimezoea. Sikuzoea. Nilikata tamaa. Nilikaa mwaka mzima bila neno. Mpaka leo mkasi ukianguka nakauka. Kunyamaza si kukubali, kwa mtoto wala kwangu. Msiwapeleke."

Daktari alikuwa amegeuka rangi.

"Namba kumi na moja," alisema. "Yumo kwenye kitabu cha utafiti ule wa zamani. Ombi langu lote limejengwa juu ya... Ndiye aliyezoea haraka kuliko wote."

Mama Malkia alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Daktari," alisema. "Mwanangu akinyamaza mle ndani, utajuaje kama amezoea, au ameondoka kama huyu?"

"Tunahesabu dakika za utulivu, mama. Tunalinganisha siku kwa—"

"Sikukuuliza mnahesabu nini. Nimekuuliza utajuaje."

Daktari alitazama karatasi zake. Ni kweli alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo wema wake ulipomgharimu. "Sijui, mama," alisema. "Kwa kipimo nilichokiandika, siwezi kujua."

Mjumbe wa Sheria alitaka kura, na kura ikapigwa. Mwenyekiti hapigi kura, kwa hiyo walikuwa saba, na ombi lilihitaji wanne. Wanaolitaka wakanyoosha mikono: watatu. Wanaolikataa: watatu, Kola mmoja wao. Mama Malkia hakunyoosha mara ya kwanza wala ya pili. Mikono yake ilikuwa mapajani, imekunjwa ngumi.

"Mama?" aliuliza Mwenyekiti.

Mama Malkia alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Amenyamaza," alisema Mjumbe wa Sheria. "Aliyenyamaza amekubali. Kanuni hiyo umeitumia wewe mwenyewe, Mwenyekiti, miaka yote. Wanne."

Kola aliuona ule mdomo, akaujua. Alijua lililo nyuma yake: gari, breki, vumbi kwenye taa. Mwanamke yule aliombwa achague kati ya hofu mbili, na maneno yakamkimbia kama yanavyomkimbia yeyote. Kola hakumshika, maana yeye mwenyewe hakupenda kushikwa akiwa hivyo. Alirudi, akainua kiti chake kilichoanguka, akakisogeza, akakaa kando yake. Naye alikuwa akitetemeka. Wakatetemeka wawili.

Mwenyekiti alitazama kifundo chake cha kidole muda mrefu. "Tutamsubiri," alisema. "Kikao hiki kikiisha jioni, kiishe jioni."

Wakasubiri. Wakati mmoja Mjumbe wa Sheria alisonya, wakati mwingine akamimina maji, akasukuma bilauri taratibu mpaka mbele ya Mama Malkia, kana kwamba mkono wake haukumwomba ruhusa.

"Sinyooshi," alisema Mama Malkia. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Andikeni sinyooshi. Lakini mjue pikipiki hazijaacha kupita."

Ombi likaanguka. Katibu aliuliza kama afute ile sentensi ya wajumbe wote. "Ifute," alisema Mwenyekiti, "na ile desturi ya kuhesabu uifute pia, nitatafuta nyingine." Kisha akamgeukia Kola. Kwa kuwa fedha bado zipo, alisema, kikao kijacho kianze na yeye: aandike nini angetaka kichunguzwe. Daktari naye aliomba siku moja azungumze naye. Kola aliandika, "Si leo." Daktari akasoma, akainamisha kichwa.

Ukumbini Shangazi aliinuka benchini, lakini Mama Malkia aliwahi kumfikia Kola kabla yake.

"Sasa mimi nimfanye nini mwanangu?" Sauti yake ilikuwa kali na imechoka. "Niambie wewe. Mkono wangu ulikuwa unaelekea kwenye dawa, umeiondoa. Nimfanye nini?"

Kola akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Sauti yake ilikuwa imeanza kurejea, nyembamba kama uzi usiosokotwa. "Dawa siijui."

"Hujui!"

"Sijui. Kweli sijui."

Mama Malkia alifuta uso kwa kiganja. Alipoongea tena ukali ulikuwa umepungua. "Basi niambie unachokijua. Ulipokuwa mle ndani, una miaka kama yake, ulitaka nini?"

Kola hakuthubutu kumtazama Shangazi. "Mtu aingie."

"Aingie, afanye nini?"

"Akae chini karibu. Asiseme kitu. Asipige makofi. Tuisubiri pamoja mpaka iishe."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu ndiyo nilitaka. Sijui kama inatosha."

Mama Malkia alisimama kidogo, akipima jambo kichwani. Kisha akaangalia saa, akasema mtoto ameachwa kwa jirani mwenye vyungu vinavyogongana na watoto wakorofi, akashuka ngazi mbilimbili, bila kuaga.

Kola alisikia hatua zake mpaka mlango wa chini. Hakujua kama amepoteza rafiki. Hakujua mwezi ujao maneno yatakuwepo au yatakuwa yameondoka tena, na safari hiyo kikao chote kitakuwa kinamtazama yeye. Akakaa benchini. Shangazi akakaa kando yake, akaweka mkoba sakafuni bila kutoa mlio, na hakusema neno.

Walikaa hivyo mpaka mfagiaji alipofika na ndoo yake, akawaona, akaanza kupiga deki upande wa mbali.